Bibi Hayumo Pichani

Jumamosi iliyopita nilisimama juu ya kilima kule Izigo, kamera shingoni, nikashindwa kupiga hata picha moja. Wewe unanijua, mimi si mtu wa kurudi mikono mitupu. Tuko wanne kwenye kikundi chetu, tunachanga mafuta ya gari kila Jumamosi tunatoka Bukoba kwenda kutafuta picha: maporomoko ya maji, bustani za masista, sherehe za maparokia watu wanapocheza ngoma hadi vumbi linapanda. Hakuna anayetulipa. Tunapenda tu. Siku hiyo ziwa lilikuwa limetulia, visiwa vinaonekana vizuri, wenzangu wanapiga na kupiga. Mimi nazunguka. Nachuchumaa hapa, nainuka, nakwenda kule, narudi. Binti mmoja wa kikundi, ambaye kamera yake ni kubwa kuliko ya kwangu mara mbili, akaniuliza, "Mama, umepoteza nini? Tukusaidie kutafuta?"

"Natafuta rweya," nikamwambia.

Akacheka, akadhani namtania. Lakini pale tuliposimama palikuwa rweya kweli, ule uwanda wa nyasi wa kila mtu, unaotenganisha kijiji na kijiji, hakuna mgomba wala nyumba. Ng'ombe walilishwa pale, nyasi zilikatwa pale, na asubuhi za Novemba tuliokota senene, wale panzi wa kuliwa, pale mpaka vidole vinakuwa vya kijani. Sasa ni mipaini. Imepandwa kwa mistari kama wanafunzi kwenye paredi, na chini yake hakuoti kitu. Upepo ukipita unasikia mlio mwingine kabisa, sio ule.

Nikawaambia wenzangu watanikuta barabarani jioni, nikashuka peke yangu kwa mama. Njia nzima nasali rozari, lakini kichwa kilikuwa kwa bibi.

Nilikulia huko chini, kwenye kibanja cha bibi mzaa mama. Ukiingia kwenye migomba yake jua linabaki nje. Chini kulikuwa na majani makavu, unakanyaga kama unakanyaga godoro, na kati ya migomba kuna mibuni, maharage, maboga yanayotambaa yanakotaka. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji kabla ya shule, na nikirudi nakata majani ya migomba yaliyokauka, namenya ndizi. Utomvu ulinigeuza mikono kuwa myeusi, mwalimu akadhani sinawi. Sebuleni kwa bibi hakukuwa na saruji. Kulikuwa na nyasi za rweya zimetandikwa, laini, zinanukia, na karibu na Krismasi tulizitoa zote tukatandika mpya. Mpaka leo nikisikia harufu ya nyasi zilizokatwa, moyo unaruka kana kwamba kuna mgeni anakuja.

Na wageni kwa bibi hawakukatika. Alikuwa akisema, "Kwangu hapa hatoki mtu upepo unamlia tumboni." Ukifika unapewa kwanza kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa na majani na kukaushwa, ndani ya kikapu kidogo chenye kifuniko. Halafu unaambiwa ukae. Kukaa maana yake moto unawashwa.

Jirani yetu alikuwa karani wa kahawa aliyestaafu, na alikuwa na kamera. Sio mpiga picha wa kulipwa, hapana. Watu wa kulipwa tuliwajua, walikuja siku za kipaimara na baiskeli zao. Huyu alikuwa anapiga vilima. Alikuwa anapiga ukungu, na maua ya kule misheni, na siku ya upadrisho wakati watu wote wanamtazama padri mpya yeye alikuwa amegeukia wapiga ngoma. Kijiji kilimcheka sana.

"Umepiga nyasi tena leo?" wanamuuliza njiani.

"Nimepiga."

"Zilitabasamu?"

Na yeye anajibu bila kukasirika, "Zile za kwako zilinuna, umezilisha ng'ombe mno."

Mke wake ndiye aliyenipa nafasi ya kuzunguka naye. Aliniita akaniambia, "Kaisiki, binti wewe, nenda naye. Huyo akiona wingu zuri anasahau kama ana nyumba. Saa ya kula ikifika umkumbushe." Basi nikawa nakwenda. Tulikwenda kwenye majabali ya juu ya ziwa, tulikwenda kwenye maporomoko ambayo yalitulowesha kabla hatujayaona, siku moja alinipakia kwenye baiskeli mpaka Kishanda kwa ajili ya mti mmoja tu uliochanua. Aliweka kamera kwenye jicho akatulia kama amekufa. "Subiri," ananiambia, "mwanga bado unakuja." Mimi kusubiri siwezi. Nahamisha mguu huu, nahamisha ule, najikuna. Alisema ningekuwa mpiga picha mbaya sana. Sijui leo angesemaje.

Kitu alichokitaka kuliko vyote ni picha ya bibi. Alisema kuna sura nyingi Izigo lakini ile ikipotea itakuwa hasara. Bibi alikuwa hajawahi kupigwa picha maisha yake yote.

Mara ya kwanza alikuja mibuni imechanua. Wewe unajua maua ya kahawa, yanakuja meupe usiku mmoja, kibanja kizima kinanukia, siku tatu yameisha. Akasema, "Mama, nimekuja kukupiga hapo kwenye maua."

"Karibu waitu, kaa kwanza," bibi akasema, akaingia jikoni.

Ndizi na maharage haviivi kwa haraka. Mwenzangu, zilipoiva na mgeni akala na akaongezwa, mvua ikafika. Ilipokatika maua yalikuwa chini. Akapiga mbuni uliolowa, peke yake.

Mara ya pili akajiona mjanja. Alifika akasimama hapo uani, akasema, "Leo mama usihangaike, nimeshakula nyumbani. Nikupige tu picha niende."

Nakwambia, uso wa bibi ulifungwa kama dirisha. Hakugomba. Alisema taratibu tu, "Asiyekula kwangu sura yangu ya nini?" Akaingia ndani. Wiki tatu hawakusalimiana, na kanisani alikuwa anapita upande mwingine. Iliisha siku jirani alipokuja mwenyewe, akakaa kwenye nyasi bila kuambiwa, akasema, "Mama, nina njaa." Bibi alimpikia furu, wale samaki wadogo wa ziwani, waliokaushwa, na ndizi, na alipokuwa anapakua nilimwona anacheka peke yake.

Mara ya tatu ilikuwa mkesha wa Krismasi. Nyasi mpya zimetandikwa. Jirani alikula sahani mbili, kwa usalama wake. Bibi akavaa kitenge alichokiweka kwa ajili ya misa, akasimama mlangoni, jua la saa kumi linamwangukia upande mmoja. Jirani akainua kamera. Mimi nilikuwa nimeambiwa niangalie chungu cha jioni, na kichwa kilikuwa nje, naangalia bibi anavyopendeza. Ndipo nikasikia harufu.

Nikapiga kelele, "Bibi, ndizi zinaungua!"

Akatoka mbio. Kidole cha jirani kilikuwa kimeshabonyeza. Ulikuwa mkanda wa mwisho, na picha hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Ilipotoka Bukoba kusafishwa, ilikuwa na mlango, benchi na nyasi. Bibi hayumo. Hata kisigino.

Na ndizi zenyewe zilikuwa zimeshika chini tu. Alizila zile zilizoungua yeye mwenyewe, akasema ni tamu.

Alifariki kabla ya Pasaka. Kwetu marehemu akitolewa kwenda kuzikwa kibanjani, mtu anatangulia na picha yake. Mjomba alikwenda kwa jirani, wakaja na boksi la viatu limejaa picha, wakazimwaga zote mkekani. Mbuni, mlango, moshi unaotoka jikoni, kikapu cha kahawa. Mama alikuwa anazigeuza moja moja, anauliza, "Yuko wapi? Mama yangu yuko wapi hapa?" Jirani aliinamisha kichwa. Mjukuu mmoja akatangulia na msalaba mtupu, tukaenda hivyo. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nimejibanza nyuma ya mlango uleule. Nimeungama mengi maishani lakini hilo la kelele zangu sijawahi, sijui hata liingie kwenye amri ya ngapi.

Nadhani ndiyo maana situlii. Nilipomaliza madarasa ya jioni, mtoto wangu wa tatu akiwa na miaka minne, nilijinunulia kamera ya mitumba kabla ya kununua kabati. Tangu hapo nimepiga majabali, nimepiga jubilei za masista, bustani za Maruku, ngoma za kila aina. Na wiki iliyopita, nikitafuta picha ya kuweka kwenye karatasi za hospitali za mama, maana macho yake yana ukungu na daktari anataka kumfanyia upasuaji, nikakuta sina. Picha elfu na kitu, mama hayumo hata kwenye moja. Kila nikienda anakuwa jikoni.

Mama alirudi kwenye kibanja cha bibi baada ya baba kufariki. Nilimkuta ameketi uani, akanijua kwa mwendo.

"Umekula?" hilo ndilo la kwanza.

"Bado, mama." Hapo nilikuwa nimekula maandazi matatu kwenye gari. Mungu anisamehe.

Akainuka. Nami nikaweka kamera kwenye kigoda, nikachukua kisu, tukamenya pamoja. Mikono yake inajua kazi hata bila macho. Na sijui ni kitu gani, labda ule utomvu, nikajikuta namwambia habari ya ule mkesha, chungu na kelele zangu. Hakuacha kumenya.

"Ndizi zilikuwa za nani?" akauliza.

"Za jioni. Za kwetu wote."

"Na wageni walikuwepo?"

"Walikuwepo."

"Sasa ungenyamaza wageni wangekula nini? Leta hiyo nyingine hapo."

Basi. Miaka yote nimebeba mzigo, na yeye anataka nimletee ndizi nyingine.

Tulikula mpaka nikashindwa kupumua. Wingu likatanda, ndani kukawa na giza. Nikamwambia, "Mama, kaa hapo hapo, usitikisike." Akakaa, akajifunga khanga kichwani, na wakati nabonyeza akaona sahani yangu iko tupu, akanyoosha mkono kuniongezea. Picha ikatoka imevurugika, uso umekwenda upande, mkono ni kama moshi. Nilitaka kuifuta. Akasema, "Nionyeshe."

Nikamwekea kioo cha kamera karibu na jicho lile zuri kidogo. Akatazama kwa muda mrefu, anasogeza, anarudisha. Halafu akaweka kiganja mdomoni.

"Mae waitu! Huyu si mama? Umempata wapi?"

"Mama, ni wewe."

"Mimi?" Akanitazama kama nimemtukana. "Mimi sijazeeka hivi. Huyu ni mama yangu, mtazame anavyotaka kuinuka. Jirani alimpata siku ile, mlimficha wapi?"

Nikamweleza mara mbili. Mara ya tatu sikuweza, alikuwa ameshaanza kulia, na alikuwa anacheka humohumo. Aliniambia niisafishe iwe kubwa, niitie fremu, chini niandike jina la bibi, ije itundikwe sebuleni kabla hajapelekwa hospitali.

Sasa ni Alhamisi na bado sijaipeleka kusafishwa. Rafiki yangu, mimi ni mtu wa kanisa, nitaandikaje jina la mtu kwenye sura ya mtu mwingine? Halafu, usimwambie mtu, nikiitazama hata mimi namwona bibi. Msonge wake wa kupikia haupo, sebule ina saruji na kapeti la plastiki, jirani alishazikwa, boksi lake la viatu likaozeshwa na mvua, na watoto wangu wakisikia rweya wanadhani ni jina la mtu. Hakuna mwingine aliyebaki wa kumuuliza bibi alifananaje. Amebaki mama, na mama amesema ndiye.

Nimesali, na nimeamua nitaandika. Lakini kesho kutwa siendi na kikundi. Nakwenda kwa mama, nitatoka Bukoba kukiwa na giza bado, bila kunywa hata chai, ili tumalize kula mapema, mwanga ukiwa bado uko mlangoni. Picha ya bibi nimeipata. Ya mama ndiyo sina.