Diski za Gari la Baba Mkubwa

Siku moja, mwanangu, naikumbuka kwa masikio kuliko kwa macho. Nilikuwa nashuka kutoka Akheri kwenda mjini, na kila nikikanyaga breki nasikia chuma kikisaga chuma. Pedeli ikitetemeka chini ya mguu, usukani nao ukitikisika mikononi.

Gari lilikuwa la baba mkubwa Anaeli, kaka yake baba yangu. Gari kubwa la kupandia milima, lililobeba watalii mpaka likachoka ndipo akauziwa yeye. Enzi hizo upande wetu magari yalikuwa ya kuhesabu, na baba mkubwa hakuwa mchoyo. Mgonjwa alibebwa nalo, bibi harusi nalo, maiti nalo. Aliyeomba alipewa ufunguo. Na aliyerudisha alikuwa na adabu zake: aliliosha, akaweka mafuta, akashukuru na kusema gari halina neno. Kumwambia mtu kwamba kitu alichokuazima kina kasoro ilikuwa kukosa malezi. Jirani akikupa maziwa hulalamikii kibuyu. Ndivyo tulivyolelewa, na kwa mambo mengi walezi wetu walikuwa sahihi.

Siku hiyo nilisimama Daraja Mbili kwa fundi. Akafungua gurudumu la mbele akanionyesha diski, ile sahani ya chuma inayobanwa na pedi za breki ili gari lisimame. Ilikuwa na mifereji kama shamba lililopigwa matuta. Akaniambia imeshachongwa kwenye mashine kuifanya iwe laini, tena zaidi ya mara moja, na sasa imebaki nyembamba, haichongeki tena. Zinunuliwe mpya, ya kushoto na ya kulia pamoja, na pedi zake. La sivyo, kwenye mteremko mrefu zitashika moto na breki zitakataa.

Nilimwelewa vizuri sana. Lakini nilikuwa msichana pekee mwenye leseni katika ukoo wetu, na vijana wenzangu walikuwa wakisubiri kwa hamu niharibu kitu wanicheke. Nikajiambia, nikisema, watasema nimeliharibu mimi. Basi nikaliosha, nikaweka mafuta, nikaenda kwa mzee nikamwambia, "Shikamoo, baba mkubwa. Gari halina neno." Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha maradhi ya gari, na waliokuwa wakipanda ni wengine.

Haukupita muda, mama mkubwa Ndeshi, mkewe, akataka kwenda Kimandolu kumtazama binti yake aliyejifungua. Alimfungia ndizi na maziwa, akaendeshwa na mwanawe Elia. Kwenye mteremko wa kushukia Tengeru breki zikakataa. Elia alirudisha gia, akavuta breki ya mkono, lakini alikuwa amechelewa, gari likaingia korongoni. Yeye alitolewa mguu umevunjika. Mama mkubwa alitolewa amekufa, na mjukuu wake hakumwona.

Msibani kila aliyesimama alisema kazi ya Mungu haina makosa. Nilikereka, mwanangu, na mpaka leo nikiyasikia maneno hayo kwenye msiba wa ajali nakereka. Mungu hakuzichonga diski zile.

Baada ya maziko baba mkubwa aliagiza zifunguliwe. Zikaletwa, zikawekwa sakafuni sebuleni. Zilikuwa zimeungua mpaka zikawa na rangi ya bluu, moja ina ufa. Kisha akatuita sote tuliowahi kupewa ufunguo. Hakufoka. Alimuuliza kila mmoja kama aliisikia ile sauti, na kila mmoja alijibu akitazama chini kwamba aliisikia. Hata Elia, na magongo yake kwapani. Zamu yangu ilipofika sikuweza kujibu kama wenzangu. Nikamwambia fundi alinionyesha.

Aliinama akaigusa ile yenye ufa.

"Mlinionea haya mimi," akasema, "mkaniacha nimpandishe mke wangu humo."

Hakunisema tena, na mpaka anafariki aliitikia shikamoo yangu kama zamani. Afadhali angenichapa.

Kwa hiyo nisikilize, wewe unayeshika usukani leo. Breki zikilia, pedeli ikitetemeka, usiongeze sauti ya redio. Fungua gurudumu uangalie diski. Iliyokonda au yenye ufa haichongwi, inabadilishwa, pande zote mbili, na pedi zake, hata kama gari ni la zamani na mfuko umetoboka. Ukishuka milima yetu hii shuka na gia ndogo, usining'inie kwenye breki. Hayo fundi yeyote atakufundisha. Langu mimi ni hili: ukiazima kitu ukaona kina hatari, mwambie mwenyewe kabla hujamshukuru. Akinuna, anune. Mnuno wa mtu huisha, na pengine atakuja kukushukuru. Adabu inayomnyamazia mtu hatari iliyo mbele yake si adabu, ni woga uliovaa nguo za kanisani.

Mungu akutangulie katika kila mteremko, mwanangu. Akupe ujasiri wa kumwambia unayemheshimu jambo asilotaka kulisikia. Na akuepushe na siku ya kuulizwa na mfiwa kama ulijua.