Maji Mdomoni mwa Mama Mourine

Pale mtaani Kware, Khalayi aliuza sukuma wiki, na maneno akagawa bure. Ukienda kwake kununua nyanya, ulirudi nyumbani na habari za wapangaji wa ploti nzima. Bintiye Mourine alikuwa kinyume chake. Tangu kuzaliwa misuli yake haikumtii vizuri, kwa hivyo kila neno lilimtoka kwa kazi, polepole. Basi mama alikuwa akimmalizia. Mourine akianza kuomba, Khalayi keshataja chai, keshatia sukari, keshakata mkate. Mara nyingi alipatia. Mara nyingine msichana alitaka maji tu, akanywa chai hivyo hivyo.

Mapenzi hayo karibu yawaponze. Chuo kimoja upande wa Buruburu kilikuwa tayari kumfundisha Mourine kompyuta, ila kwanza apimwe akili. Siku ya kupimwa, mama alijibu kila swali kabla binti hajafungua kinywa. Mpimaji, bwana mpole aitwaye Aweys, akaweka kalamu chini.

"Mama, wewe umepita," alisema. "Lakini anayetaka kusoma ni huyu. Rudini mwezi ujao. Asipojibu mwenyewe, nafasi atapewa mwingine."

Khalayi alirudi amenywea. Jirani yake Wavinya ndiye aliyeleta dawa. "Cucu yangu, aliyemzaa mama, kila alipotaka kugombana na mzee wake, alijaza maji mdomoni. Hamezi, hatemi. Jaribu hiyo, Mama Mourine."

Kila jioni Wavinya akawa anauliza maswali, na Khalayi ameketi kando, mashavu yamemvimba. Wateja walimpa pole wakidhani ni jino. Siku ya kwanza Wavinya aliuliza mbuzi na ng'ombe wanafanana vipi. Mourine akaanza kulitafuta jibu. Khalayi akajipiga paja, akakodoa macho, mwishowe akashindwa: "Wana pembe!" Maji yote yakamwishia Wavinya kifuani.

Wavinya alijipangusa, akauliza tena, wakangoja.

"Wote," alisema Mourine, "wanauzwa... karo ikifika."

Walicheka mpaka mteja akajipimia viazi mwenyewe. Khalayi alicheka, kisha moyo ukamuuma. Hakuwa amejua kwamba binti yake ni mcheshi. Miaka yote hiyo alikuwa akiukata utani wake katikati. Usiku huo alijaza kikombe kingine, akaendelea na mazoezi kwa hiari yake.

Waliporudi kwa Aweys, Khalayi aliruhusiwa kukaa nyuma, kimya. Kabla ya kuingia alipiga funda kubwa kutoka kwenye chupa yake. Maswali yakaja moja baada ya jingine. Mourine alijibu kwa mwendo wake, mengine akakosa, mengi akapata, na Aweys akawa anangoja mpaka neno la mwisho litoke. Khalayi alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili.

Hatimaye Aweys alifunga faili. "Mourine, akili yako iko sawasawa. Nitawaambia chuoni wakuchukue." Akageuka. "Mama, una neno?"

Khalayi alitazama huku na huku. Hapakuwa na pa kutema, na funda lilikuwa kubwa mno kumeza kwa mkupuo mmoja.

"Mathe ana maji... mdomoni," alisema Mourine. "Anataka kusema... asante. Na... nisamehe."

Khalayi akatikisa kichwa kukubali, machozi yakimtiririka. Safari hii yeye ndiye aliyemaliziwa maneno, na binti alikuwa amepatia.