Mashine Isiyouliza

Mwaka ule wa kuhamia vijijini sikuwa na utulivu hata kidogo. Nilikuwa mwalimu kijana, nimepangiwa shule ya huko juu mlimani, Mtae, na alasiri nilifundisha kisomo cha watu wazima. Wanafunzi wangu wengi walikuwa akina mama wa umri wa mama yangu. Niliwaamkia shikamoo kwanza, ndipo niwaambie wafungue kitabu. Kitabu chenyewe kilieleza habari za samadi. Wao waliijua samadi kabla sijazaliwa, basi walisinzia.

Ili wasilale, siku moja nikaanza kuwasimulia riwaya ya Kiingereza niliyoikuta kabatini, iliyoachwa na mwalimu mgeni. Ilihusu watu waliohamia sayari ya mbali. Huko hapakuwa na mfalme wala tajiri. Walitawaliwa na mashine iliyompangia kila mtu mema yake: alime wapi, aishi wapi. Haikula rushwa wala haikusema uongo.

"Na yenyewe inalima?" akauliza mama mmoja aliyependa kukaa dirishani.

"Hapana, mama. Inapanga tu."

"Basi mvua haijui," akasema, na wenzake wakacheka.

Tangu hapo hakusinzia mtu. Kila tulipomaliza herufi niliwatafsiria kurasa chache, na Kiswahili kiliponiishia niliingia Kishambaa. Mwenyekiti wa kijiji, aliyekuja kukagua mahudhurio, naye akawa haondoki.

Tukafika mahali mashine inapowashusha watu wa mlimani kwenda bondeni, kwa faida yao wenyewe. Akina mama wakatazamana. Kijiji chetu nacho kilikuwa kikisubiri kuambiwa kishuke tambarare. Ujamaa niliuamini kwa moyo wote, na hilo ndilo lililonihangaisha: kitabu hakikumtukana mtu. Mashine ilikuwa na nia njema kabisa, ila haikufundishwa kuuliza.

Mwishoni watu waliivunja, wakaunda nyingine inayouliza. Hiyo iliuliza kweli, lakini haikusubiri jibu.

Mwenyekiti aliniita nje. "Mwalimu, aliyeandika haya amewahi kufika huku?"

"Hapana, mzee. Sidhani kama hata Afrika amefika."

"Sasa ametujuaje?"

Siku zilizofuata, kila gari liliponguruma kwenye kona za chini niliacha chaki na kutoka mlangoni kuchungulia kama wakubwa wa wilaya wamefika.

Hatimaye gari lilikuja kweli, likiwa na ofisa kutoka wilayani. Mkutano ukafanyika uwanjani pa shule. Alizungumza vizuri juu ya bomba, zahanati na barabara, na hayo yote tuliyahitaji. Kisha akauliza, "Kuna swali?" huku akikunja karatasi zake na kumwashiria dereva.

Yule mama wa dirishani akasema kwa Kishambaa, kwa sauti ya kusikika, "Huyu ni ile mashine ya pili." Akina mama wakaangua kicheko. Mimi nikatamani ardhi ipasuke.

"Wanasema nini?" ofisa akamgeukia mwenyekiti.

Mwenyekiti alinitazama, kisha akamtazama yeye. "Wanakuomba ukae, ndugu, usubiri majibu. Mkoloni alitulazimisha kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Huenda matuta yalikuwa na faida, lakini hakutuuliza, tukamgomea. Ninyi ni wetu. Tusikilizeni."

Ofisa alikunja uso. Halafu akaketi. Wakamuuliza juu ya homa ya tambarare, juu ya migomba, juu ya makaburi ya wazee. Mengine aliyajibu, mengine akabisha kwa ukali, na mengine akakiri hayajui. Ukungu ulipotanda uwanjani bado walikuwa wakibishana.

Walioshuka mwishowe ni familia changa zisizo na mashamba ya kutosha, na zilishuka kwa hiari. Wengine walibaki. Mwenyekiti hakudumu, chama kilileta jina jingine, naye akarudi kwenye maharage yake bila kulalamika. Mimi nikapewa uhamisho kwenda Soni kabla muhula haujaisha. Sababu sikuambiwa.

Nilipokwenda kumuaga yule mzee nilimkuta akipalilia. Nilitaka kumwomba radhi kwa kitabu kile kilichomgharimu cheo, nikakosa pa kuanzia. Akanifungia maharage kwenye kitambaa, akanihimiza niwahi basi.