Mama na Watu wa Darubini

Kwetu, nje kidogo ya Eldoret, ukiona mtu na kitu ya miguu tatu, huyo ni suveya wa kupima mashamba, na suveya akija, kuna shamba ya mtu inaenda. Kwa hivyo watu fulani wa kuangalia nyota walipopandisha darubini nne mlimani, zote za miguu tatu, Mama alibeba maharagwe yake, akaenda kukalia jiwe la mpaka. "Nitayachambulia hapa mpaka waende."

Ni jirani alikuwa amemuonya, mzee mpole sana. "Mama, nani anatafuta nyota mchana? Linda hilo jiwe la juu. Hapo ndio wataanzia kupima."

Mimi niko Kimumu, hapo mjini, nabeba watu na pikipiki yangu ya boda. Mama akaniita nipande mlima kupeleleza. Shule niliachia form two, kwa hivyo sayansi ilinipata nusu, na hiyo nusu ilishatoka.

Huko juu nikapata dada mmoja anapanguza lenzi ya ile darubini ndogo.

"Mbona hii imeelekea kwetu?" nikamuuliza.

"Tunaijaribu tu, bosi. Usiku ndio kazi. Angalia."

Nikaangalia. Nyumba yetu, miguu juu! Mama ananing'inia kwa jiwe kama popo, na maharagwe hayamwagiki.

"Mmepindua mama yangu!"

Dada alicheka mpaka akakaa chini. "Darubini za nyota hupindua hivyo. Nyota haina juu wala chini, haijali."

Sikuamini. Nikatoa jicho: huko mbali nyumba iko sawa. Nikarudisha jicho: popo. Lakini nyuma ya Mama, mpaka wa chini, kulikuwa na popo mwingine. Anang'oa posti ya fensi, anaisongesha ndani ya shamba yetu. Nilipindua kichwa mpaka shingo ikalia, ndio nikajua hiyo koti. Jirani.

Nilishuka na boda nikiomba Mungu. Nikampata na nyundo mkononi.

"Kijana! Watu wa nyota wanasemaje?"

"Wanasema wamekuona, Mzee. Miguu juu."

Posti zilirudi mahali pake, Mama amesimama hapo akihesabu kila pigo la nyundo.

Halafu akapanda mlima na chai kwa flaski. Alizunguka zile darubini kama mtu ananunua ng'ombe, akaziangalia mpaka miguu.

"Hizi tatu muangalie huko kwa Mungu," akamwambia yule dada. "Hii ndogo usiiguse. Iache vile iko, inaangalia kwangu."