Siku Nilipoyaunganisha Makundi ya Walimu wa Kisomo

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino, nikatembea navyo kutoka barabarani hadi ghala la chama cha ushirika huko Ganda, mchanga ukiniingia mpaka vidoleni. Ghala lile lilikuwa la korosho, na msimu wa korosho ukipita ndipo darasa letu lilipopewa nafasi. Kisomo, kwa nyinyi mnaoianza kazi hii leo, ni kuwafundisha watu wazima kusoma, kuandika na kuhesabu. Zamani zetu wengi walikiita ngumbaru, na walilitamka neno hilo kwa dharau. Nilikuwa na ubao mdogo, kopo la chaki na rejista mpya. Mbele yangu, juu ya magunia, walikaa kina mama kumi na mmoja na mzee mmoja.

Nikafanya kama nilivyofanyiwa mimi shuleni. Niliwaamuru wakunje mikono na wasimame ninapoingia. Mama mmoja, umri wa kunizaa, alikosea herufi, nikamwambia asimame mpaka aipate. Alisimama, na aliipata. Kesho yake hakuja, wala wenzake wanne.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa msimamizi wa tarafa, mtu wa Kaloleni, mzito wa mwili na mchache wa maneno. Alipofungua rejista akaziona nafasi tupu.

"Bi Zuhura, watu hawa wanaumwa?"

"Sijui, bwana."

"Basi nenda kawaulize. Mtoto ukimwaibisha, kesho babake atamrudisha. Mtu mzima nani atamrudisha?"

Nilikwenda nyumba kwa nyumba. Yule mama alinikaribisha, akanipa uji, akangoja nimalize ndipo akasema, "Mwalimu, nina watoto saba. Tangu niolewe hakuna aliyenisimamisha kama mtoto." Nikamwomba radhi palepale jikoni kwake. Wiki iliyofuata alirudi, akasoma mpaka akapata cheti.

Miaka mingi nilikuwa Ganda, kisha nikahamishiwa Sabaki, karibu na mto unapomwaga maji baharini. Huko ndiko nilikoiva. Tulifundisha kwa neno kuu, yaani neno moja zito katika maisha ya wanafunzi. Unaandika "muhogo", unalikata silabi, mu-ho-go, kisha kila silabi unaizalia ndugu zake: ma, me, mi, mo, mu. Kabla mwezi haujaisha mtu anaunda maneno yake mwenyewe. Mimi ni mtu wa mji wa Malindi, Kiswahili ndicho nilichonyonyea, lakini Sabaki nilijifunza Kigiriama cha kutosha kuchekwa nacho, na kicheko kile kilinipatia wanafunzi wengi kuliko barua yoyote ya ofisi.

Mmoja wao alikuwa kijana aitwaye Kahindi, aliyeacha shule darasa la tatu. Alisoma kwangu, akafanya mitihani yote, na baadaye akawa mwalimu wa kujitolea palepale Sabaki. Nitamrudia.

Nilipopandishwa cheo na kuwa mratibu wa walimu katika ofisi ya Malindi, simu za kisasa zilikuwa zimekwisha enea. Kabla ya hapo mwalimu aliyekwama alisubiri mkutano wa mwezi, na mara nyingi akifika mkutanoni aliona haya kuuliza. Simu zikatupa makundi. Yalizuka matatu, na hakuna aliyeyapanga. La kwanza lilikuwa la walimu wa mashambani waliowaanzisha watu kwa Kigiriama kisha wakawavusha hadi Kiswahili. La pili lilikuwa la walimu wa mjini, ambao wanafunzi wao walikwisha kujua kusoma na sasa wanajiandaa kwa mtihani wa shule ya msingi. Na la tatu la wale waliofundisha wazee wenye macho dhaifu. Kila kundi lilikuwa na lugha yake na mizaha yake. Mtu aliandika, "Leo nimeshindwa kabisa," na wenzake wakamjibu hapohapo.

Basi akaja afisa mpya wa kaunti ndogo, mchapakazi, mpenda mpango. Akaniita.

"Bi Zuhura, simu yangu ina makundi matatu na yote yananiuliza jambo lile lile. Yaunganishe. Ijumaa nataka nione moja."

"Bwana, hawa hawafanyi kazi moja."

"Si walimu wa kisomo wote?"

"Ni walimu wa kisomo."

"Basi."

Ningeweza kumwomba wiki mbili nizungumze na walimu. Sikuomba. Alhamisi alasiri nilikaa kitako, nikawaingiza wote katika kundi moja, nikaandika kanuni sita, nikayafunga yale matatu. Nilijiona hodari kwelikweli. Afisa alinipongeza mbele ya makarani.

Kwa wiki mbili kundi jipya lilijaa salamu, dua, picha za maua na matangazo ya mikutano. Maswali yakatoweka. Nami, Mungu anisamehe, nikadhani hawana tena matatizo.

Kisha Kahindi akauliza. Aliandika: "Walimu wenzangu, mwanafunzi wangu ameandika 'Nateka madzi mtoni.' Hilo neno madzi nilitie vema au nimkosoe?"

Kigiriama husema madzi ambapo Kiswahili husema maji. Katika kundi lake la zamani swali hilo lingezungumzwa siku nzima. Hapa alijibiwa na Athman, mwalimu wa mjini, mwenye diploma na ulimi mwepesi: "Kama mwalimu mwenyewe hajui maji yanavyoandikwa, tumwombee mwanafunzi." Zikafuata zile sura za kucheka, moja, tano, kumi. Kisha ukatokea mstari mdogo wa kijivu: Kahindi ametoka kwenye kundi.

Nilimpigia, hakupokea. Siku ya tatu nikaenda Sabaki. Chumba cha shule ya chekechea alichokitumia kilikuwa kimefungwa kwa kufuli. Nilimkuta shambani, anapalilia kunde.

"Shikamoo, mwalimu," alisema, wala hakuacha jembe.

"Marahaba, mwanangu. Darasa vipi?"

"Nimelifunga."

"Kwa maneno ya mtu mmoja?"

Hapo akasimama. "Mwalimu, aliyeandika sentensi ile ni mamangu. Ni yake ya kwanza. Nilimwambia nitawauliza walimu wenzangu, na kila jioni ananiuliza wamesemaje. Nimwambie wamecheka?"

Nilisimama kwenye matuta yale nikahisi ile aibu ya jikoni kule Ganda, ila safari hii nilikuwa na mvi na cheo. "Kosa ni langu kabla halijawa la Athman," nilimwambia. "Mlikuwa na pahali penu pa kuulizana, nikapavunja bila kuwauliza. Nipeleke kwa mamako."

Mama Dama alikuwa akitwanga. Alileta daftari mwenyewe, akalifungua kwa viganja ili asilichafue kwa vidole. Herufi zilikuwa kubwa, zimekandamizwa mpaka zikatokeza upande wa pili wa karatasi. Nikamwomba ruhusa nipige picha niwaonyeshe walimu.

"Piga," alisema. "Lakini waambie aliyeandika ana wajukuu, wasidhani ni mtoto."

Nikiwa palepale uani nikaituma picha ile kundini, na chini yake nikaandika: "Mimi Zuhura naifanya kazi hii tangu wengi wenu hamjazaliwa, na swali hili sina jibu lake la hakika. Mwandishi ni mama mwenye wajukuu, na hii ndiyo sentensi yake ya kwanza. Nifundisheni."

Mama Dama alimaliza kutwanga, akaanza kupepeta. Kisha ukaingia ujumbe wa sauti wa Mwalimu Sidi wa Kaloleni, mwanamke mpole ambaye hakuwa ameandika chochote tangu tuunganishwe. Niliiongeza sauti ili sote tusikie.

"Mama huyu amesikia sauti akaipa herufi zake," alisema Sidi. "Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na ameifanya sawasawa. Mtie vema. Halafu pembeni mwandikie 'maji', umwambie hivi ndivyo Kiswahili kinavyoandika. Asifutiwe lake."

Mama Dama akaacha ungo. "Amesema nimepata?"

"Umepata, mama," Kahindi akamwambia, akageuka upande.

Baada ya Sidi wakaingia wengine, mmoja baada ya mwingine, wakieleza walivyokwamishwa na jambo hilo hilo na wakaogopa kuuliza. Jioni Athman akanipigia.

"Shikamoo, Bi Zuhura. Umenianika."

"Marahaba. Jina lako sikulitaja."

"Kila mtu anajua."

"Basi Jumanne twende Sabaki."

Alikuja, shati limepigwa pasi, akakaa kwenye kibao cha watoto magoti yakimfika kifuani. Kahindi alikuwa amefungua darasa. Athman aliwafundisha watu waliokwisha kusoma. Hakuwa amewahi kuona mtu mzima akiushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto ili kalamu isitetemeke. Aliangalia sana. Mwisho wa somo akamwendea Mama Dama akamuuliza anavyotamka jina. "Dzina." Na kichwa? "Kitswa." Akawa anaandika. Mama Dama akamsahihisha matamshi mara tatu, darasa zima likacheka, naye akacheka nao.

Kuomba radhi kwa maneno sikumsikia. Lakini wiki ile aliituma kundini orodha, maneno ya Kigiriama upande huu, ya Kiswahili upande huu, na juu kabisa akaandika kwamba imetoka darasa la Mwalimu Kahindi. Walimu wakaiongezea, wa Ganda kivyao, wa Kaloleni kivyao. Mpaka nilipoondoka kazini ilikuwa ikibandikwa ukutani katika madarasa ambayo mimi sikuwahi kuyafikia.

Nikarudi kwa afisa. Nikamweleza kwamba simu inaruhusu kundi moja kubwa la matangazo, na ndani yake vyumba vidogo, kila kimoja na msimamizi wake. Maswali yaulizwe chumbani, miongoni mwa wanaoijua kazi ile, na kila Jumamosi majibu mazuri yapelekwe kwa wote. Na atakayelicheka swali la mwenzake, atakwenda kulitembelea darasa la huyo aliyeuliza.

"Nilikuomba moja, umeniletea manne," alisema afisa.

"Yana mlango mmoja, bwana. Nawe utapita mlango huo huo."

Akacheka. "Haya, mama. Fanya." Na nitampa haki yake: hakuwa amekosea kutaka tukutane. Bila amri yake Sidi na Athman wasingejuana. Nilikosea mimi, niliyewakutanisha watu kama anayehamisha masanduku.

Chumba cha walimu wa mashambani nilimpa Kahindi akisimamie. Aliomba siku moja afikirie. Nilisikia baadaye kwamba alikwenda kwanza kumuuliza mamake.

Sasa nimestaafu. Barua ya ofisi ilinishukuru kwa utumishi wa uaminifu, nami nimeiweka kabatini. Nikiulizwa ninajivunia nini, simtaji aliyepata cheti wala aliyefika chuo, ingawa wapo. Najivunia kundi lile. Usimamizi nimekwisha uachia wengine, na humo mimi ni mtu wa kawaida tu.

Mwaka huu jirani yangu, Mzee Swaleh, aliniomba nimfundishe. Kurani anaisoma vizuri tangu utotoni, lakini herufi za Kiswahili cha shuleni hakuwahi kuzijua. Nikamwanzisha kwa silabi kama nilivyoanzisha watu maisha yangu yote. Kila mara aliandika kuanzia kulia, b ikawa d, naye akaanza kuvunjika moyo. Nikaona haya kuuliza, mimi wa miaka yote hii. Kisha nikauliza kundini.

Alinijibu binti mmoja, mwalimu mgeni, jina lake silijui vizuri na uso sijapata kuuona. "Bibi, shikamoo. Naomba unisamehe, lakini unamfundisha kama hajui kusoma, na huyo ni msomaji. Mwache aandike sentensi yake ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwanza, kisha aiandike tena chini yake kwa hizi zetu. Na mpigie mstari wa rangi upande wa kushoto, ajue pa kuanzia."

Niliusoma ujumbe ule mara mbili. Nikachukua kalamu nyekundu na daftari la Mzee Swaleh, nikapiga mstari. Kisha nikamwandikia yule binti: "Marahaba, mwalimu. Hilo sikulijua."