Mluzi wa Baba Katika Kinanda cha Kaka

Kijana aliyekuja kuchukua kinanda alishangaa kwamba sikubishana naye. Ni mmoja wa hawa wanaokusanya vinanda vya umeme vya zamani, vile vya kabla kompyuta hazijaingia kwenye muziki, na alikuwa amesikia kwamba fundi wa redio mstaafu hapa Gatitu ana kimoja sebuleni kimefunikwa kitambaa. Alikuja amejiandaa kunibembeleza. Nikamwambia akichukue. Nikampa pia karatasi kuukuu, mgongo wa kalenda, iliyochorwa miduara kuonyesha kila kishikio kielekee wapi. Akaniuliza kama haitaniuma kukiona kikienda. Sina subira na maswali ya namna hiyo, nikamwambia aangalie asikigonge mlangoni. Lakini gari lake lilipoondoka swali lilibaki nyumbani, na ndiyo sababu nimekaa kuandika.

Kinanda kilikuwa cha kaka yangu. Tulizaliwa wawili tu. Yeye alikuwa na miaka saba hivi baba yetu alipochukuliwa wakati wa Hali ya Hatari ya mkoloni, mimi nikiwa bado tumboni. Baba alifia kizuizini. Hatukuletewa hata kofia yake, na picha hakuwahi kupigwa. Kaka alimjua, mimi nilisimuliwa, na hata hayo masimulizi nilipimiwa kwa kijiko, kwa sababu mama hakuwa mtu wa kusema. Alifanya kazi miaka mingi katika nyumba ya mzungu mmoja huko Naro Moru, na huko alijifunza kunyamaza na kupanga vitu. Aliniita “baba” maisha yangu yote, maana kwetu mtoto wa pili wa kiume hupewa jina la baba wa mama.

Baada ya uhuru mama alipata kiploti Gatitu, tukajenga nyumba ya mbao yenye vyumba vitatu na jiko la nje. Kaka akawa mpiga kinanda wa bendi iliyotumbuiza wapanda mlima kila Jumamosi katika hoteli moja ya Naro Moru. Mimi nikawa na kibanda cha kutengeneza redio Nyeri mjini. Miaka ya sabini ikielekea ukingoni, mwanamuziki mmoja wa Ulaya aliyekuwa akipiga pale hotelini alirudi kwao, akaacha kinanda kilichokufa. Kaka alikileta kibandani kwangu kimefungwa blanketi. Nilikifungua, nikakuta sehemu ya kuingizia umeme imeungua, nikaitia kifaa cha redio nzee. Kikaamka kikilia kama ng'ombe aliyenyang'anywa ndama, na kaka akacheka mpaka akakaa chini.

Siku hizi mtoto akibonyeza kitufe anapata filimbi, akibonyeza kingine anapata fidla. Hiki hakikuwa hivyo. Juu ya funguo zake kulikuwa na vishikio vya kuzungusha, kama vile vya redio, zaidi ya thelathini, kila kimoja na mstari mweupe wa kuonyesha kimeelekea wapi. Kimoja kilizalisha sauti, kingine kiliichuja, kingine kiliitetemesha, kingine kilipima izimike haraka au polepole. Na hakikuwa na kumbukumbu hata chembe. Sauti uliyoipata ilikaa katika mielekeo ya vile vishikio tu. Ukisogeza vitatu au vinne, umeipoteza, na huenda usiipate tena.

Tena kilikuwa na maringo. Baridi yetu ya Julai ilikitoa kwenye nota, hivyo kaka alikiwasha mapema na kukifunika blanketi nusu saa kabla ya kukigusa. Jirani akiwasha kinu chake cha kusaga unga wa posho, umeme ulipungua na nota zikashuka zote pamoja. Wenzake kwenye bendi walimtania.

“Hii kinanda yako inataka uji kwanza ndio iimbe,” walimwambia.

Kisha kaka akaanza kukohoa. Mwanzoni tulisema ni baridi ya Naro Moru. Mwishowe aliacha kwenda huko kabisa, akawa anashinda chumbani mwake kwa mama, amejifunika koti, akitafuta sauti moja. Wiki baada ya wiki, sauti moja. Nikitoka kazini nilimkuta ameinama, akisogeza kishikio kwa upana wa ukucha, akibonyeza ufunguo uleule, akitikisa kichwa.

“Unatafuta nini?” nilimuuliza.

“Nikikuambia utaanza kunisaidia,” alisema. “Ngoja nipate.”

Siku aliyoipata aliniita nisikilize. Ilikuwa sauti nyembamba. Ilianza chini, ikapanda, ikakaa juu muda kidogo, halafu ikavunjika na kushuka. Aliipiga mara tatu. Mimi sikuona ajabu yake, na nilimwambia hivyo.

“Hiyo ndiyo,” alisema, akafunga macho.

Wiki iliyofuata alilazwa hospitalini mjini. Nilikaa kando ya kitanda chake na aliongea kidogo kidogo, akipumzika katikati ya maneno. Aliniambia, “Hiyo mashine mtu asiiguse. Chora kwanza vile imekaa. Ukishachora, kuja nikuambie ni nini.”

Nilisema nitachora. Nilikuwa na kalamu mfukoni wakati nasema. Jioni hiyo nilichoka, kesho yake nilikuwa na redio za watu, kesho kutwa akafa. Halafu yakaja ya jeneza, mikutano ya mazishi, na watu wa kupokea na kulisha. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na yangu yangali yananiuma.

Siku ya tatu baada ya mazishi mama alifungua chumba cha marehemu kukisafisha, kama inavyofanywa. Alifua blanketi, akatoa godoro juani, akafagia. Niliporudi nilikuta kinanda kimefunikwa kitambaa chake kizuri kuliko vyote, kile cheupe alichokishona kwa mkono na kukitandika tu mchungaji akija. Nikakiinua. Vishikio vyote vilikuwa vimetazama juu, mistari myeupe imenyooka safu kwa safu, kama watoto wa shule asubuhi kwenye gwaride.

“Nani ameguza hii?” niliuliza.

“Ni mimi, baba,” mama alisema. “Zilikuwa zimeangalia kila mahali. Nikapanguza, nikazinyoosha.”

Kule kwa mzungu, kijiko kikikaa upande alikemewa. Miaka ishirini alinyoosha vijiko na visu vya watu, na mkono wake haukuweza kupita kitu kilichopinda bila kukinyoosha. Hilo nalijua sasa, na nilikuwa nalijua hata siku ile. Hata hivyo nilimwambia, “Umemzika mara ya pili.”

Mama alikuwa ameshika kitambaa cha kupanguzia. Alikikunja mara mbili, akakikunja tena, akasema “Sikujua,” akatoka kwenda jikoni. Nilimwacha aende. Aliyeambiwa achore ni mimi, na nilijua vizuri, lakini hasira ni rahisi kuibeba ukiwa na mtu wa kumtwika. Sikumwomba radhi siku hiyo wala mwezi huo.

Nilianza kuitafuta ile sauti mwenyewe. Kila Jumapili mchana, kinu cha jirani kikiwa kimefungwa, niliwasha kinanda, nikakifunika blanketi, nikangoja kipate joto. Halafu nikazungusha. Nilipata sauti ya birika, ya mbwa, ya mlango usiotiwa mafuta. Nilikuwa nimeisikia sauti ya kaka mara tatu tu, na kila Jumapili nilivyozidi kutafuta ndivyo nilivyozidi kuisahau. Niliogopa. Kile kitu kilikuwa ndicho cha mwisho alichofanya kwa mikono yake, nami sikujua hata ni nini.

Miezi ikaenda hivyo. Jumapili moja nilibonyeza ufunguo, na nikasikia mama nje ya ukuta wa mbao.

“Hapana,” alisema. “Ilianza chini zaidi.”

Akaja mlangoni, bado amevaa nguo za kanisani. Alikuwa na chumba chake upande wa pili wa ule ukuta. Wiki zote zile kaka akitafuta, yeye alikuwa amelala au ameketi hatua nne kutoka pale, akisikia kila kitu.

“Unaikumbuka?” nilimuuliza.

“Naikumbuka.”

Akakaa kitandani kwa kaka. Hakujua jina la kishikio hata kimoja, na sikujaribu kumfundisha. Nilizungusha, nikabonyeza, naye akasema “Shusha kidogo,” au “Imekuwa nene,” au “Hapo mwisho inakufa haraka, wacha ikae.” Mara nyingine alitikisa mkono tu. Nimefanya kazi na mafundi wenye vyeti, sijakutana na sikio kama lile. Haikutoka siku hiyo. Haikutoka Jumapili ya pili, wala ya tatu. Tulikuwa tunakula, tunawasha, tunangoja joto, tunaanza tulipoachia, na hakuna aliyelitaja lile neno nililomwambia.

Ilipotoka, mimi nilidhani bado. Nilikuwa nimegusa kile cha kutetemesha tu, kwa bahati. Sauti ilianza chini, ikapanda, ikakaa, ikavunjika. Nilimgeukia mama niulize, nikamwona ameweka leso mdomoni.

“Ni yeye,” alisema.

“Kaka?”

“Baba yenu.”

Aliniambia siku hiyo, kwa mara ya kwanza. Baba alikuwa akikamua ng'ombe wa yule mzungu, na wakamuaji hawakuruhusiwa kupita ua wa nyumba kubwa. Basi saa sita akimaliza kazi ya asubuhi alisimama nje ya ua na kupiga mluzi. Mama akiusikia alitoka mlango wa nyuma na chakula alichomwekea, kaka akimfuata akishika sketi yake. Walikaa pamoja nje ya ua mpaka kengele ilie. Mluzi ulikuwa wake peke yake, alisema, wengine waliujaribu wakashindwa pale unapovunjika.

“Na mbona hukuniambia, mama? Miaka yote hii?”

“Ningekuambia na nini?” alisema. “Mwanamke hapigi mluzi.”

Hivyo ndivyo wanawake wa rika lake walivyolelewa. Mwanamke akipiga mluzi anaita balaa nyumbani, na hata wokovu haukumtoa mama katika hilo. Alikuwa amebeba mluzi wa mumewe kichwani miaka ishirini na zaidi, bila njia ya kumpa mtu.

“Kaka yako alijua mimi nasikia,” aliendelea. “Akiipiga, mimi nanyamaza. Na yeye ananyamaza. Ile siku aliipata, niliweka sufuria chini.”

Hapo ndipo nilipoelewa kitu alichokinyoosha na kukifunika kwa kile kitambaa chake cheupe. Nilikuwa nimempigia kelele mjane kwamba amenipotezea kitu changu, kumbe kilichopotea kilikuwa chake kabla hakijawa cha yeyote kati yetu. Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto. Nikamwambia, “Mama, nisamehe. Ni mimi niliambiwa nichore, na sikuchora.”

Aliikunja leso yake.

“Basi chora sasa, baba,” alisema.

Nilitoa kalenda ukutani, nikaigeuza, nikachora miduara yote na mistari yake kabla sijainuka. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na nilikuwa nimemsikia baba yangu.

Kwa miaka kadhaa nilimpigia mama ule mluzi Jumapili baada ya kanisa. Mara moja tu, kisha tunafunika. Halafu msimu mmoja wa mvua ndefu radi ilipiga nguzo ya umeme karibu na kinu cha jirani. Balbu zilipasuka nyumba tatu, na kinanda kilikuwa kimechomekwa. Nilikifungua siku hiyohiyo na harufu ikaniambia kabla sijaona. Nilitafuta kifaa kilichoungua Nyeri, nikatafuta Nanyuki, nikaagiza Nairobi. Kilikuwa hakitengenezwi tena popote. Nilijaribu kukidanganya na vya redio kama mara ya kwanza, nikashindwa. Karatasi ilikuwepo, kila mstari mahali pake, na haikuwa na faida yoyote.

Nilikaa na habari hiyo wiki mbili kabla ya kumwambia. Nilimkuta jikoni akimenya njegere kwenye sinia, chai ikiwa tayari. Nikamwambia kimekufa kabisa, na kwamba safari hii sina la kufanya. Aliendelea kumenya mpaka ganda alilokuwa nalo likaisha.

Kisha akainuka, akafunga mlango wa jiko. Akachungulia dirishani kama kuna mtu njiani, maana alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani. Akarudi, akakaa, akapangusa midomo na leso, akaikunja.

Mara ya kwanza ulitoka upepo mtupu. Alikuwa amebakiwa na meno machache mbele. Akalamba midomo, akajaribu tena, na mluzi ukatoka. Ulianza chini, ukapanda, ukakaa juu, na pale unapovunjika ukavunjika. Kinanda hakikuwahi kuufikia, hata siku ile bora. Nililia mbele ya mama yangu, mtu mzima mwenye watoto, naye aliniacha nilie.

“Sasa wewe,” alisema.

Nikajaribu. Akatikisa kichwa.

“Shusha kidogo,” aliniambia. “Hapo mwisho, wacha ikae.”

Alinirekebisha hivyo, mlango umefungwa, mpaka chai ikapoa.