Unyasi wa Bibi Ukutani

Mjomba aliponipigia simu kwamba ameibomoa nyumba ya udongo ya bibi ili ajenge ya tofali za kuchoma, nilimpongeza, kisha nikakumbuka ukuta wa jiko. Na nyuki je? Sikuthubutu kumuuliza. Jumamosi nikapanda bodaboda kutoka Makambako, vumbi usoni, nimeshajiandaa kununa.

Walikuwa nyuki wadogo wasiouma, wakiishi ndani ya ukuta wa jiko. Mlango wao ulikuwa mrija mfupi wa nta. Kila kiangazi, tulipokanyaga udongo wa kusiliba nyumba, bibi alitangulia kuchomeka unyasi kwenye mrija ule, ili mikono yetu ya haraka isiwazibe. Tukimaliza aliuchomoa mwenyewe, akasubiri wa kwanza atoke. Kikohozi kikitushika alitulambisha asali yao, nyepesi, yenye uchachu. Basi tulikohoa hata tusipoumwa.

Mti wa mwegea uliokuwa kando ya jiko ulikuwa na wageni wengine. Jua likizama, viazi vikichemka, popo walikuja kunywa utamu wa maua yake makubwa mekundu, wakaondoka na vumbi la njano usoni. Asubuhi nyuki wetu waliingia maua yaleyale kuokota masalia. Jirani aliwaogopa popo, akawa anawapigia sufuria. Bibi alimcheka tu.

"Popo ukimfukuza hapa atakula ng'ambo ya bonde," alisema. "Hawa wadogo hawavuki hata shamba la mahindi. Ukivunja ukuta, umewamaliza."

Ndiyo maneno niliyokuwa nayo njiani.

"Kamwene, mwipwa," mjomba alinipokea. Nyuma yake palikuwa na msingi mpya, nyumba hakuna. Lakini kando ya mwegea kilibaki kipande cha ukuta wa jiko, kimefunikwa bati, kimesilibwa upya, udongo wake ungali mbichi. Unyasi ulikuwa umechomekwa. Mjomba, aliyekuwa akimtania bibi kwa unyasi wake kuliko sisi sote, akauchomoa taratibu. Tukasubiri. Nyuki mmoja akachungulia, akaruka. Nilishusha pumzi kwa nguvu mpaka mjomba akacheka.

"Sasa ningemjibu nini mama?" akasema.

Jiko halipo, moshi wake haupo, na bibi tulimzika zamani. Jioni popo walikuja kama kawaida yao; hatima yao sikuwahi kuihofia. Niliketi karibu na ule ukuta usio na nyumba, nikakohoa kidogo, makusudi.

"Bado, mwipwa," mjomba akasema. "Waache kwanza watulie."